Kutu Haifunikwi kwa Rangi

Tarehe 7 Septemba 2013, padre mmoja wa Italia, Renzo Zocca, alimkabidhi Papa Fransisko zawadi huko Vatikano: gari jeupe aina ya Renault 4, la mwaka 1984, lililokwisha kutembea kilomita 300,000. Kwa miaka mingi padre huyo alikuwa amelitumia katika utume wake miongoni mwa wafanyakazi na maskini mjini Verona. Inasimuliwa kwamba Papa alimuuliza kama isingekuwa afadhali gari hilo wapewe maskini, na padre akajibu kuwa maskini lilikwisha kuwatumikia vya kutosha. Papa, ambaye naye alisema aliwahi kuwa na gari la aina hiyo, aliketi kwenye usukani akaliendesha mwenyewe.

Miezi miwili kabla ya hapo Papa alikuwa amewaambia waseminari na manovisi kwamba humuuma kuona padre au sista akiwa na gari la toleo jipya kabisa. Hakukataza magari, maana alijua kazi haiendi bila usafiri. Aliomba tu wachague lililo la unyenyekevu zaidi.

Habari kama hizi hutupendeza upesi, na kwa sababu hiyo inafaa tuzipime. Gari kuukuu linaweza kuendeshwa na mtakatifu, na linaweza pia kuendeshwa na bahili, au na mtu anayependa kutazamwa. Basi swali la makala hii ni hili: kutengeneza kitu cha zamani na kuendelea kukitumia kila siku ni wema wakati gani, na ni wakati gani huwa kiburi kilichovaa matambara? Nalichukua gari hilohilo, Renault 4, liwe mfano wetu. Nina hakika kwamba tukijua namna njema ya kulitendea gari kuukuu, tutakuwa tumejifunza jambo kuhusu toba, na kuhusu namna tunavyowapokea watu waliochakaa.

Gari lililoundwa kwa ajili ya kazi

Renault 4 ilianza kuuzwa mwaka 1961. Wakati huo Renault lilikuwa shirika la serikali ya Ufaransa, na mkuu wake alikuwa Pierre Dreyfus. Washindani wao, Citroën, walikuwa na 2CV, gari dogo lililozinduliwa mwaka 1948 na kupendwa sana na watu wa mashambani. Dreyfus alitaka gari la bei nafuu litakalofaa mjini na shambani, siku za kazi na siku za mapumziko. Alilifananisha na suruali ya jinzi, vazi ambalo mtu yeyote anaweza kulivaa na kwenda nalo popote.

Ukilitazama gari hilo unaona kwamba wahandisi walijiuliza swali moja tu kila walipofika penye uamuzi: hiki kitamsaidia nani? Nyuma waliweka mlango mmoja mkubwa unaofunguka kwenda juu, na sakafu iliyo bapa, ili gunia la viazi liingie bila taabu. Vioo vya milango havishuki kwa kuzungushwa, bali husukumwa pembeni, maana hiyo ni rahisi kuunda na kutengeneza. Mkono wa gia unatokeza kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli. Maji ya kupoza injini yalifungiwa ndani ya mfumo wake ili mwenye gari asihangaike kuyaongeza kila mara.

Liko jambo la ajabu zaidi. Magurudumu ya nyuma hayategemei springi za kawaida. Yanashikiliwa na fimbo mbili za chuma zinazojipinda, zilizolala kwa upana chini ya gari. Kwa kuwa fimbo hizo haziwezi kukaa mahali pamoja, moja iko mbele ya nyingine. Matokeo yake ni kwamba umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma haulingani pande zote mbili. Upande mmoja umezidi mwingine kwa karibu sentimita 5. Gari zima limeenda upande, na waliolitengeneza walijua. Walikubali kasoro ya umbo ili abiria wakae vizuri kwenye barabara mbovu.

Zaidi ya magari milioni 8 ya aina hiyo yaliundwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika nchi nyingi. Polisi wa vijijini Ufaransa waliyatumia, na watu wa posta vilevile. Huko Kolombia lilipata jina la Rafiki Mwaminifu. Msomaji wa Yoshua bin Sira atakumbuka sifa anazopewa rafiki wa namna hiyo katika sura ya 6. Hata hivyo gari halina uaminifu wake lenyewe, kwa maana halina moyo wala nia. Uaminifu tunaouona ndani yake ni wa watu walioliunda kwa ajili ya wengine, na wa wale wanaolitunza ili liendelee kuwafikia wengine.

Njia tatu za kukitendea kitu kikuukuu

Gari likishachakaa, mwenye nalo ana njia tatu.

Njia ya kwanza ni kulitupa. Mara nyingine ndiyo njia sahihi, kwa maana chuma kilichooza kabisa hakirudi. Lakini mara nyingi tunatupa kwa sababu tumechoka kukitazama kitu, wala si kwa sababu kimekwisha. Katika waraka wa Laudato Si', wa mwaka 2015, Papa Fransisko alifundisha kwamba kukitumia tena kitu badala ya kukitupa upesi kunaweza kuwa tendo la upendo. Aliweka sharti: lifanyike kwa nia iliyo sawa. Sharti hilo tutalirudia.

Njia ya pili ni kulitengeneza gari liwe la kutazamwa. Linavuliwa mpaka chuma kibaki kitupu, linapakwa rangi ing'aayo kuliko ile ya kiwandani, kisha linafungiwa ndani na kufunikwa shuka. Linatolewa siku za maonyesho tu. Sisemi kwamba hiyo ni dhambi. Majumba ya makumbusho yana kazi yake, na kumbukumbu ya kazi ya mikono ya watu ni jambo la heshima. Lakini gari lililoundwa kubeba viazi, wagonjwa na watoto wa shule, likiwa sasa haliruhusiwi kukanyaga matope, linamkumbusha msomaji wa Injili ya Mathayo, sura ya 25, yule mtumishi aliyeifukia talanta ardhini. Aliitunza kweli, na hata senti moja haikupotea. Kosa lake lilikuwa hilohilo, kwamba aliitunza tu.

Njia ya tatu ni kulitengeneza gari lirudi kazini, likiwa na alama zake za umri. Rangi imepauka juani, bampa lina kovu, kiti kimeshonwa, lakini injini inawaka asubuhi na breki zinashika. Njia hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu kila siku inamlazimu mtu kupambanua kipi kitengenezwe na kipi kiachwe.

Kutu na puti

Adui wa magari haya ni kutu. Chuma kikikutana na maji na hewa huanza kuliwa, na chumvi huharakisha. Ulaya humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hurushwa na magurudumu hadi chini ya gari. Kwenye Renault 4 bodi imefungwa kwa bolti juu ya sakafu ya bati nene, na sakafu hiyo ndiyo inayobeba kila kitu. Maji huingia katika mikunjo na vyumba vilivyofungwa vya bati, yakakaa humo. Kutu huanzia ndani. Siku unapoona rangi imevimba kama lengelenge, ujue kazi imeendelea kwa miaka chini yake.

Hapo fundi bodi hujaribiwa. Anaweza kupiga msasa juu juu, akajaza puti, akasawazisha na kupaka rangi. Kwa macho gari litakuwa zuri, na kwa miezi kadhaa mwenye nalo atafurahi. Lakini puti haina nguvu ya kubeba chochote, na nyuma yake unyevu unaendelea na kazi. Au anaweza kukata. Anakata bati lote lililooza, na kidogo la lile zima, mpaka afike kwenye chuma kinachong'aa. Ndipo anapochomelea kiraka kipya. Wakati wa kukata gari huonekana baya kuliko lilivyokuja, na mteja akipita gereji siku hiyo huweza kudhani limeharibiwa.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 13, anawalaumu manabii waliokuwa wakiupaka chokaa ukuta dhaifu ambao watu walikuwa wameujenga, huku wakitangaza amani mahali pasipo amani. Mvua ikija, ukuta huanguka, na misingi yake hufunuliwa. Bwana wetu naye, katika Mathayo 23, alisema juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa. Maandiko hayapingi uzuri wa nje. Yanapinga uzuri unaotumika kuzuia mtu asione mahali palipooza.

Kanisa limetupa Sakramenti ya Kitubio, na humo kuna ukataji. Tunatakiwa kuitaja dhambi kwa jina lake, kuijutia, kukusudia kuiacha, na kulipa tulichoharibu. Kuna namna ya kuungama ambayo ni puti tupu: mtu anasema maneno ya jumla, anapata faraja, anatoka akiwa amesawazishwa. Anayeungama kwa kweli hupitia saa ambayo anajiona mbaya kuliko alivyoingia, kama gari lililofunguliwa sakafu. Asikate tamaa wala asikimbie, kwa sababu ule ubaya anaouona haukuletwa na mkataji.

Mpangilio wa upendo

Mtu anayelitengeneza gari ili alitumie kila siku hana fedha ya kufanya yote kwa mara moja. Lazima aanze mahali. Mtakatifu Augustino aliifafanua fadhila kuwa ni mpangilio wa upendo: kupenda kila kitu kwa kadiri yake na kwa nafasi yake. Sijui mahali ambapo fundisho hilo linaonekana wazi kuliko kwenye orodha ya matengenezo.

Cha kwanza ni kile kinachoweza kumuua mtu mwingine. Hapo ndipo zilipo breki. Mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewani, na yakikaa muda mrefu hupoteza nguvu na kuozesha mabomba yake. Mipira ya breki hupasuka. Tairi la miaka mingi hukakamaa hata kama kashata zake bado ni nzima. Taa, usukani, mikanda ya usalama: vyote hivi ni suala la jirani yako. Aliye barabarani na mtoto mgongoni hajui kwamba gari lako lina historia tamu. Anachohitaji ni lisimame.

Cha pili ni kile kinacholila gari lenyewe: kutu ya sakafu, oili inayovuja, maji yanayopungua. Na oili inayovuja inarudi kwenye fungu la jirani pia, maana udongo na kisima si vyako peke yako. Lazima pia tukubali ukweli kwamba injini ya zamani yenye kabureta hutoa moshi mchafu kuliko ya kisasa, na kwamba gari jipya humlinda abiria vizuri zaidi katika ajali. Anayesafiri usiku kila siku kwenye barabara kuu akiwa na watoto wa watu anaweza kuona, kwa dhamiri safi, kwamba upendo unamtaka aliweke kando gari kuukuu. Ufukara ambao gharama yake inalipwa na mwili wa mtu mwingine si ufukara wa Injili.

Cha tatu, na cha mwisho, ni kile kinachomwaibisha mwenye gari: rangi iliyopauka, mlango uliobonyea.

Sasa tujichunguze. Wengi wetu, katika magari na katika maisha ya roho, huenda kinyume. Tunaanza na kinachotuaibisha. Tunaacha sigara kwa sababu watu wanatuona, lakini ulimi unaoumiza nyumbani tunauacha kama breki zisizoshika. Parokia inapaka rangi ukuta wa mbele kwa ajili ya jubilei, wakati mlinzi wake hajalipwa mshahara. Rangi si kosa, ila nafasi yake ni ya tatu.

Makovu yanayobaki

Wagiriki wa kale walikuwa na swali juu ya merikebu ya Theseus, ambalo Plutarch alituandikia: ikiwa mbao zake zilibadilishwa moja baada ya nyingine, je, bado ni merikebu ileile? Mwenye gari kuukuu hukutana na swali hilo kila anaponunua spea. Wanafalsafa wametoa majibu mengi. Imani yetu haituahidi kwamba vyuma vitafufuka, lakini inatufundisha jambo juu ya kufanywa upya ambalo tusingelibuni sisi wenyewe.

Bwana alipofufuka alikuwa na mwili mtukufu, usiokufa tena. Hata hivyo, katika Yohana 20, alimwonyesha Tomaso mikono yenye alama za misumari na ubavu uliochomwa. Ufufuko haukuzifuta. Augustino, katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu, anawaza kwamba huenda hata wafiadini wataonekana mbinguni na alama za majeraha yao, nazo hazitakuwa dosari kwao bali heshima. Kifo kimeondolewa kabisa, na kovu limebaki likishuhudia upendo.

Hapo ndipo tunapopata tofauti kati ya kutu na kovu. Kutu ni uozo unaoendelea; inatakiwa kukatwa, na huruma haina haki ya kuiacha. Kovu ni alama ya jambo lililokwisha. Linaeleza gari lilipita wapi na lilimbeba nani. Anayefunika kutu ni mwongo. Naye anayelazimisha kila kovu lifutwe anatafuta upya usio na historia, na upya wa namna hiyo si ule alioutuonyesha Kristo.

Tukiwageukia watu, jambo hili lina uzito mkubwa. Katika jumuiya zetu ndogondogo wapo waliorudi: aliyekuwa mlevi, aliyetoka gerezani, mtunza hazina aliyechukua fedha za kikundi. Tunawakosea kwa namna mbili. Wakati mwingine tunapaka puti. Tunasema yameisha, tumesamehe, tusiyaseme tena, na fedha hazirudishwi, na mjane aliyepoteza akiba yake anaambiwa asali. Zakayo hakufanya hivyo. Katika Luka 19 aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu, na wokovu ukatangazwa nyumbani kwake siku hiyohiyo. Msamaha haukatazi kudai kilicho haki. Na pale ambapo mtu amewadhuru wadogo, kukata maana yake ni pamoja na kumwondoa mahali anapoweza kuwadhuru tena, hata kama amelia machozi ya kweli.

Wakati mwingine tunakosea kwa upande wa pili. Mtu amekatwa, amechomelewa, amelipa, anatembea vizuri kwa miaka, na bado tunamnyima kazi kwa sababu kovu linaonekana. Tunataka wahudumu wasiotukumbusha kwamba wokovu ulihitajika. Wazee wetu nao tunawatendea hivyo: kwa kuwa wanatembea polepole na wanarudia hadithi, tunawaweka kwenye kiti cha mbele siku ya sikukuu kama gari la maonyesho, wala hatuwaombi tena washauri wala wafundishe.

Nia iliyo sawa

Limebaki lile sharti la nia. Magari ya bei rahisi ya zamani yamekuwa vitu vya kusakwa na wenye fedha, na unyenyekevu wenyewe unaweza kugeuka pambo. Bwana alituonya katika Mathayo 6 juu ya wafungao huku wakikunja nyuso ili waonekane wamefunga. Mtu anaweza kuendesha gari lililopauka kwa moyo uleule.

Kuna vipimo vitatu vya kujipima. Je, ni nani hupanda gari hili? Kama kiti cha pili ni kitupu siku zote, faida yake kwa jirani iko wapi? Je, ninaweza kuliazimisha? Kitu nisichoweza kumpa jirani kwa saa moja bila kuumwa moyo kimekwisha kuwa bwana wangu. Je, likifa kesho, nitasikitika kwa sababu ya safari zitakazokwama, au kwa sababu ya sifa nitakazokosa?

Katika sura hiyohiyo ya Mathayo, Yesu alipotaka kueleza kwa nini tusijiwekee hazina duniani, alitaja nondo na kutu. Kila anayechomelea bati analijua neno hilo kwa mikono yake. Hata kiraka kizuri kina mwisho wake. Kutu imecheleweshwa tu. Kwa hiyo anayelitunza gari kuukuu kwa nia iliyo sawa halihifadhi kama hazina. Anajua litakwisha, na ndiyo sababu hataki likwishe bure, limefunikwa shuka. Anakagua breki, anaongeza oili, anawasha, kisha anauliza ni nani leo anahitaji kufikishwa hospitali, shuleni au kanisani. Na miili yetu, ambayo nayo ina makovu na siku zake zimehesabiwa, tumepewa kwa kazi hiyohiyo.